Wera ya Kuchomelea na Kuunda Vyuma: Rada Yote Kabla Ushike Ile Rodi

Ukipanda nganya ya Rongai ama Umoja, macho yako huenda wapi kwanza? Grafiti. Halafu skrini, halafu taa, halafu unaskia vile besi inagonga kifua. Hakuna msee hupanda mathree akaanza kukagua nguzo za madirisha. Lakini siku ile gari inabiringika, si grafiti itazuia paa lisikulalie. Ni vile viungo vya chuma kwa chuma, vilivyochomwa na msee fulani ndani ya shedi Industrial Area ama Kariobangi Light Industries, akiwa amepiga magoti na jasho linamwingia machoni.

Kama hukuwa unajua, bodi za hizo nganya huundwa hapa hapa Kenya. Chasi inakuja uchi, injini na magurudumu tu, halafu wasee wanaijengea mifupa ya chuma kutoka sakafu hadi paa. KEBS wako na kiwango chake, KS 372, kinachosema bodi ya gari la abiria inafaa kujengwa vipi. Lakini karatasi haijengi gari. Mwenye anaitoa kwa karatasi hadi barabarani ni fita na welda.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kabla nianze kuandika hizi story nilikaa miezi kadhaa kwa shedi ya mzae mmoja mtaani, nikishika tepu na kufagia vumbi ya chuma. Sikuwa fundi. Lakini niliona ya kutosha kukuambia ukweli kuhusu hii wera: ni poa, inalipa wenye wamechanuka, na inaumiza wenye hawajachanuka. Hebu tuingie.

Fita ni nani, na welda ni nani?

Wengi hudhani ni kitu moja. Mtaani kweli mara nyingi ni mtu mmoja, lakini kazi ni mbili.

Welda ndiye anawasha moto. Anaunganisha vipande viwili viwe kitu kimoja. Fita ndiye anaamua hivyo vipande vikae wapi. Anasoma michoro, anapima, anachora kwa chaki, anakata, anapanga, anashikisha kwa vidoti vya moto, anahakikisha pembe ni sawa, halafu ndio anaambia welda, "Haya, choma."

Kwa karakana kubwa hizi kazi hugawanywa. Kwa jua kali unafanya zote, na bado unabeba mtungi wa maji ya chai.

Sasa skiza hapa, juu hii ndio siri yenyewe: kuchoma ndio kila mtu anataka kujifunza, juu kuna cheche na video inabamba. Lakini kazi mbaya nyingi huharibikia kwa tepu, kabla moto haujawashwa. Geti ikikataa kufunga, ngazi ikiyumba, ama fremu ya paa ikikosa kuingia kwa nguzo zake, mara nyingi kosa lilifanyika asubuhi wakati mtu alipima kwa haraka. Mzae wangu alikuwa anasema kuchoma ni dakika, kupima ni asubuhi nzima.

Tuunde geti moja, hatua kwa hatua

Tuseme mathee amekuja anataka fremu ya geti, upana mita 3, urefu mita 2, na nguzo moja katikati.

1. Hesabu kwanza. Tyubu za chuma Kenya huuzwa zikiwa na urefu wa mita 6 hivi. Juu na chini ni mita 3 mara mbili, hizo ni 6. Pembeni mbili na ile ya katikati ni mita 2 mara tatu, hizo pia ni 6. Kwa hivyo unahitaji tyubu mbili na hubaki na kipande. Msee asiyepiga hesabu angenunua tatu, amchaji mathee bei ya tatu, halafu ashangae kwa nini hakuitwa tena.

2. Kumbuka diski inakula chuma. Kila ukikata, diski ya grainda inameza milimita moja hadi tatu hivi, ikitegemea unene wake. Ukikata mita 6 mara mbili hutapata vipande vya mita 3 kamili. Fita mwenye akili anamwambia mathee mapema geti itapungua kidogo, ama anapima nguzo za ukuta zikiwa hivyo tayari. Na akichora mstari, anajua anakata upande gani wa mstari.

3. Panga chini pahali tambarare. Meza ya chuma ikiwa iko, safi. Ikiwa haiko, unatafuta sakafu iliyonyooka na unainua kwa vipande vinavyolingana. Ukipanga kwa mchanga wenye mabonde, geti itatoka na hayo mabonde.

4. Pima pembe. Skwea inasaidia kwa kona, lakini kwa fremu kubwa skwea ndogo inakudanganya. Unapima kona kwa kona, kwa mshazari. Hizo mbili zikilingana, fremu iko fiti. Kwa geti ya 3 kwa 2 kila mshazari ni kama sentimita 360 na nusu. Moja ikiwa 362 na nyingine 359, imelala. Igonge polepole kwa kona ile ndefu hadi zilingane. Kama uko kwa mjengo na huna skwea, tumia 3, 4, 5: pima 3 upande mmoja, 4 upande mwingine, na kati ya hizo ncha mbili ikiwa 5, hiyo kona ni nyuzi 90. Ile hesabu ya Pythagoras ulilala nayo form two, sasa inakulipa.

5. Shikisha, usichome bado. Vidoti vidogo kwa kila kona. Halafu unapima mshazari tena. Kidoti unaweza kukikata na kurekebisha. Ukishachoma yote, umeoa.

6. Choma kwa mpango. Hapa ndio niliangukia mimi.

Vile geti yangu iligeuka chapati

Siku moja mzae alitoka kununua rodi, akaniacha na fremu iliyoshikishwa. Nikaona leo ndio leo. Nikachoma kona zote za upande mmoja, mfululizo, bila kupumzika, nikijiskia mkali. Ikapoa. Tukiilaza sakafuni, kona moja imeinuka, unaweza kupitisha vidole vinne chini yake.

Kwa nini? Chuma kikipata moto hupanuka, kikipoa hurudi na kujivuta. Ule mshono uliochoma ukipoa unavuta kila kitu upande wake. Ukichoma upande mmoja pekee, unavutwa upande mmoja pekee. Ndio maana mafundi huchoma kidogo hapa, wanaruka kona ya mkabala, wanageuza kazi, wanarudi. Wanafanya nguvu zivutane zenyewe kwa zenyewe. Na kazi inafungwa kwa klampu hadi ipoe.

Mzae hakupiga kelele. Alinipa grainda akaniambia nikate kila mshono wangu, kona kwa kona. Nilimaliza saa moja usiku. Sijawahi sahau.

Moto wenyewe unafanyaje kazi?

Kwa mtaa mashine mob ni zile za rodi. Umeme unatoka kwa mashine, unapita kwa rodi, unaruka kale kanafasi kati ya rodi na chuma, halafu unarudi kwa mashine kupitia klampu nyingine uliyoifunga kwa kazi. Kale kamruko ndiko kanaleta moto wa zaidi ya nyuzi 3,000. Chuma cha kawaida huyeyuka kwa kama 1,500, kwa hivyo unaelewa vile mambo huenda haraka.

Ile ngozi ya nje ya rodi si urembo. Ikiungua inatoa gesi inayofukuza hewa, juu hewa ikiingia kwa chuma kilichoyeyuka mshono unakuwa na vishimo kama mkate. Inaacha pia ganda juu. Hilo ganda unaligonga na kupiga brashi kabla uchome tena juu yake. Ukichomea juu ya ganda, umezika uchafu ndani ya kazi.

Namba za rodi nazo zina maana:

- 6013 ndiyo ya mtaani. Inawaka kwa urahisi, inafaa kwa geti, dirisha na tyubu nyembamba. Ile 60 mbele ni nguvu ya mshono, pauni 60,000 kwa inchi mraba.
- 7018 ni ya kazi nzito: mihimili, nguzo za godauni, vitu vinavyobeba uzito. Nguvu ni 70,000. Hii haipendi unyevu kabisa. Ikishika maji inaweza kuleta nyufa zisizoonekana, ndio maana karakana makini huihifadhi kwa oveni. Ukiona mtu ameiacha nje kwa mvua halafu anachomea nguzo ya ghorofa, hepa hiyo mjengo.

Moto nao hupimwa kwa ampea. Rodi ya milimita 2.5 hutaka kama 60 hadi 90. Ya 3.2 hutaka kama 90 hadi 130. Moto ukiwa chini, chuma kinakaa juu kama kamasi, hakijaingia. Ukiwa juu sana, unatoboa tyubu. Tyubu nazo ziko na geji: geji 18 ni kama milimita 1.2, geji 16 ni kama 1.5. Namba ikishuka, chuma kinakuwa kinene. Fundi akikuambia geti yako ni geji 16, toka na kipimo, usitoke na imani.

Kuna pia mashine za waya na gesi, zinazoenda mbio kwa karakana kubwa, na zile za argoni za chuma kisichoshika kutu na alumini. Lakini anza na rodi. Msee anayejua rodi vizuri hujifunza hizo zingine bila stress.

Macho, kifua, vidole: hapa hatuchezi

Usiku wangu mbaya zaidi kwa hiyo shedi haukuwa wa geti. Nilikuwa nimeshikilia tyubu mwenzangu akichoma, nikageuza uso tu, nikadhani nimejikinga. Mchana sikuskia kitu. Saa sita usiku niliamka kama mtu amenimwagia mchanga na pilipili machoni. Machozi yanatoka yenyewe, taa ya simu siwezi kuiangalia.

Hiyo ni miali ya moto wa rodi imechoma ngozi ya juu ya jicho, vile jua huchoma mgongo. Huja masaa kadhaa baadaye, ndio maana inadanganya watu. Kawaida hupona kwa siku moja ama mbili, lakini nenda hospitali. Usiweke maziwa kwa macho na usiweke dawa ya mtu mwingine. Ukizoea kuchomwa hivyo kila wiki, unanunua shida ya macho ya uzeeni ukiwa na miaka 25.

Sasa shika hizi:

- Miwani ya jua si kinga. Unaona wasee Nairobi wakichoma na miwani ya kununua barabarani. Kioo cha helmeti ya kuchomea kiko na namba ya giza, na kwa kazi ya rodi kawaida ni 10 kwenda juu. Miwani ya jua haiko karibu na hapo, na uso wote unabaki wazi.
- Msaidizi pia anahitaji kinga. Moto haubagui nani ameshika rodi.
- Grainda ndiyo mnyama mbaya zaidi kwa shedi. Grainda ndogo ya inchi 4 na nusu huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya inchi 9 imeandikwa mwisho wake ni kama 6,600. Kuna wasee hutoa kinga ya grainda ndogo ili diski kubwa iingie. Hiyo diski inaweza kupasuka, na ikipasuka inaruka usoni na shingoni. Usiwahi.
- Pipa na tanki. Pipa la petroli likiwa tupu ndio hatari zaidi, juu limejaa mvuke. Usichomee tanki ambalo hujui lilibeba nini, hata mwenye nalo aapie mama yake.
- Mabati na tyubu zilizopakwa zinki. Ule moshi mweupe unaleta homa ya usiku: baridi, kutetemeka, mwili kuuma. Wasee husema kunywa maziwa. Maziwa ni chakula, haisafishi kifua. Sugua zinki itoke kwanza, chomea pahali hewa inapita, vaa barakoa ya kazi.
- Moshi kwa jumla. Mwaka wa 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka moshi wa kuchomelea kwa kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Hiyo si story ya vijiweni.

Na kama umeajiriwa, sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mdosi akupe vifaa vya kujikinga. Si ukatwe kwa mshahara. Ukiumia kazini, kuna sheria nyingine ya mwaka huo huo, WIBA, inayohusu fidia. Ripoti siku hiyo hiyo, piga picha, weka karatasi za hospitali, na mdosi akikuzungusha ofisi ya kwenda ni DOSHS. Wasee wengi hukosa fidia juu hawakuweka karatasi yoyote.

Karatasi: unazihitaji?

Kwa geti za mtaa, hapana. Mathee wa plot hataki cheti, anataka geti ifunge. Lakini kontrakta mkubwa, kiwanda, ama meli, hiyo ni lugha nyingine.

NITA ndio hufanya mtihani wa ufundi wa serikali. Uko na ngazi tatu: unaanza na Grade III, unapanda II, halafu I. Poa ni kwamba unaweza kuwa umejifunzia kwa jua kali, hujawahi kaa darasani, na bado ukafanya mtihani kwa mikono. Makao yao makuu Nairobi yako Commercial Street, Industrial Area.

Vyuo vya ufundi navyo viko kila kaunti karibu. Hata kama KCSE ilikupiga E, kuna ngazi za chini unazoweza kuanzia, na HELB hutoa mkopo kwa wanafunzi wa TVET. Mimi nilihepa chuo, sitakudanganya kwamba ni lazima. Lakini kitu ambacho shedi haikufunzi vizuri ni kusoma michoro, na hiyo ndio inatenganisha msee wa kuitwa "kuja ushikilie" na msee wa kuulizwa "unaonaje?"

Majaribio ya mikao. Utaskia wasee wakisema 3G, 6G. Ni mtihani wa kuchoma ukiwa umekaa vipi. 1G ni sahani imelala, 3G imesimama wima, 4G uko chini yake na cheche zinakuangukia, 6G ni bomba limeinama nyuzi 45 na huruhusiwi kulizungusha. Mwenye ako na 6G hubishi naye kuhusu bei. Kazi za mabomba ya mvuke, kama yale ya Olkaria, na kazi za mafuta huko Ghuba ndizo huuliza haya mambo. Na ukitaka kwenda Ghuba, angalia kwanza kama ajenti ako kwa orodha ya National Employment Authority. Usimtumie mtu doo juu ako na ofisi iko na zulia.

Doo inatoka wapi hasa?

Sitakupa namba ya mshahara juu inabadilika kutoka shedi hadi shedi. Lakini nitakuambia vile wasee hulipwa na pahali wanaliwa.

Kuna wa kulipwa kwa siku, kuna wa kulipwa kwa kipande, na kuna wa kuchukua kazi nzima. Wa kazi nzima ndio huomoka, na pia ndio hulia, juu ya kitu moja: kunukuu bei kwa kichwa. Andika kila kitu. Tyubu, rodi, diski, bawaba, kufuli, rangi ya kuzuia kutu, tokeni za stima, usafiri wa chuma, usafiri wa geti ikiisha, msaidizi, halafu leba yako. Wengi husahau diski na tokeni, na hapo ndio faida hupotea.

Itisha deposit ya vifaa yote kabla ununue chochote. Mteja akikataa kulipia vifaa vyake mwenyewe, hata leba hatalipa.

Na usidhani ni geti pekee. Kuna maghala, minara ya matangi ya maji, ngazi, bodi za malori na nganya, trela, mashine za kusaga. Kuna meli pia: MV Uhuru II iliundwa Kisumu na Kenya Shipyards. Wasee wa Kamukunji wanagonga masanduku na majiko kwa mkono, na wewe ukijua kuchoma unaweza kuwaundia vifaa vya kukunjia. Chuma kiko kila pahali.

Ukitaka kuanza wiki hii

Usinunue mashine kwanza. Tafuta shedi ambayo kazi zake unazipenda. Angalia mishono yake kwa geti za jirani: inalingana, haina vishimo, haijafichwa na rangi nzito? Ongea na mwenyewe kwa heshima, muombe ushikilie. Nenda na vitu vyako vitatu: tepu, viatu vigumu na miwani ya kioo safi ya kuvaa ukigrainda. Mwezi wa kwanza usiulize lini utachoma. Uliza kwa nini wamekata hapo na si hapo.

Vipande vinavyobaki, ombeni muvichomee mazoezi jioni. Halafu vikate katikati kwa grainda uangalie ndani. Juu mshono unaweza kuwa mrembo na ndani haujashika. Dem ama chali, chuma hakiulizi, kinauliza tu kama mkono wako umetulia.

Na kesho ukipanda hiyo nganya, kabla uangalie skrini, angalia pahali nguzo ya dirisha inaingia kwa paa. Kuna msee aliinama hapo na rodi. Ombea alikuwa amepima.